Mfanyakazi Hukaa na Mizigo

Vijana wangu wa ofisini, mliponiomba niwaandikie machache kabla hamjanisahau, nadhani mlitarajia ukurasa mmoja wa shukrani na dua. Mmemwomba mtu aliyestaafu, basi mjilaumu wenyewe, maana muda ninao na chai ya maziwa iko mezani. Vyeo sitavitaja, mlango wa chumba changu mliuona ulivyoandikwa. Mshahara ni siri yangu na benki. Nitawaeleza kazi yenyewe tu: kwa zaidi ya miaka thelathini niliwakatia watu tiketi za treni katika nchi isiyokuwa na treni ya abiria hata moja. Majirani zangu hapa Sib, Oman, nikiwaambia hivyo hucheka kwanza, kisha ndipo huuliza.

Siku yangu ya kwanza ofisi yetu ya usafiri ilikuwa chumba kimoja Ruwi, mjini Maskati, juu ya duka la manukato. Meza tatu, simu mbili, na kiyoyozi kilichopiga kelele kuliko baridi yake. Nilivaa viatu vipya vilivyonibana na nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitambulisha kwa Kiarabu fasaha na kwa Kiingereza. Sikupata nafasi ya kuyasema. Bwana Nassor, mkuu wa dawati la treni, alinitazama juu ya miwani yake akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe mtoto wa nani, wa Ng'ambo au wa Mji Mkongwe?" Nikamwambia wa Ng'ambo. "Vizuri," akasema, "watu wa Ng'ambo wanajua kusubiri." Akaniwekea mapajani kitabu cha ratiba za treni za Ulaya, kizito kama jiwe la kusagia.

"Soma," akasema.

"Nisome nini?"

"Mistari midogo ya chini. Ya juu kila mtu anaisoma."

Bwana Nassor alikuwa Mmanga, Mwarabu wa Oman, mzaliwa wa Tabora. Ujana wake wote aliuza tiketi stesheni ya Tabora, na alipohamia Maskati akiwa mtu mzima alikuta nchi haina reli, akashangaa, akatafuta kazi iliyo karibu zaidi na reli. Ratiba aliisoma kwa rula na penseli, kidole kikifuata mstari, midomo ikitikisika. Tiketi wakati ule ziliandikwa kwa mkono, nakala nne, na karatasi ya kaboni nyekundu iliyotia rangi vidoleni. Nilikwenda harusini Jumatano moja, wanawake wakanisifu hina yangu ya vidole vitatu vya kulia. Nikanyamaza nikala pilau yangu.

Alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, nayo ni ya namna treni ilivyowazoesha Waingereza kwenda likizo. Kabla ya reli, alisema, mtu wa kiwandani aliweza kuzaliwa na kufa hajaiona bahari, na nchi yao ni kisiwa! Enzi ya Malkia Viktoria reli zikafika pwani. Matajiri walikwenda kwanza, wakajengewa mahoteli yenye ngazi pana za mbele kwa wenyewe na ngazi nyembamba za nyuma kwa watumishi. Ndani ya treni mambo ni hayo hayo: bwana na bibi daraja la kwanza juu ya mito, mtumishi wao daraja la tatu juu ya ubao, na mwanzoni mabehewa mengine ya tatu hayakuwa hata na paa. Kisha wenye reli wakatanabahi kwamba watu wa daraja la tatu ni wengi mno, wakaanza kuwapeleka pwani kwa siku moja, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Watu wakajaa ufukweni na watoto wao na vikapu vyao, wakicheka kwa sauti. Matajiri wakahamia miji mingine wakilalamika kwamba bahari imeharibika.

"Bahari!" Bwana Nassor alipofika hapo alipiga meza. "Bahari imeharibika kwa kuchekewa!"

Nilicheka kila mara, na kila mara nilirudi mezani kwangu nikaendelea kujaza fomu yetu. Fomu hiyo nyinyi hamkuiona, iliondolewa kabla yenu. Ilikuwa na mistari ya majina ya familia, halafu chini kabisa mstari mmoja: mfanyakazi wa nyumbani. Mbele yake tuliandika bila kumwuliza mtu: daraja la pili, pamoja na mizigo. Ndiyo desturi tuliyoikuta. Familia ya Kiomani haisafiri na begi moja; inasafiri na mchele, sufuria, birika la kahawa, na bibi mmoja ambaye lazima awe na godoro lake. Mizigo ya namna hiyo haiingii daraja la kwanza, basi mfanyakazi alikaa nayo karibu na mlango, behewa la nyuma. Miaka mingi nilicheka hadithi ya Waingereza wa zamani, na huku nakata tiketi zile zile.

Kiangazi tulianza kuwasindikiza wateja wenyewe, na hapo ndipo kazi iliponinogea. Nakumbuka safari yangu ya kwanza na familia ya watu kumi na wanne. Tulikuwa tumewahi stesheni London, tumekaa vizuri, halafu wakatokea binamu zao wanaosoma huko kuja kutuaga, na wengi wetu tukashuka kuwasalimu. Mnajua wenyewe salamu zetu. Habari za nyumbani, za wazee, za mvua, za ng'ombe wa Nizwa. Mimi nasema treni inaondoka, wao wanasema wallahi dakika moja tu, na kondakta ananitazama kwa huruma. Treni ya Kiingereza haijui wallahi. Iliondoka na watu watano ndani, na boksi la halwa, na sisi kumi tukabaki kwenye jukwaa tunapeana mikono. Tangu siku hiyo niliwaambia wateja wote kwamba treni inaondoka robo saa kabla ya wakati wake halisi, na sikumkosa tena mtu.

Au nilidhani hivyo, mpaka safari ya Bi Shemsa.

Bi Shemsa alikuwa mama yake Bwana Saleh, mwenye magereji mtaa wa Ghala na nyumba kubwa Bustan inayotazama bahari. Bibi amezaliwa Unguja, Kiarabu anakijua lakini hakitaki, na Kiingereza hakijui wala hakitaki. Alikuja ofisini miaka michache kabla sijastaafu, mkono mmoja ana bakora, mkono mwingine amemshika Harriet. Harriet ni msichana wa Kiganda aliyekuwa akimhudumia. Alikuja Maskati hajui Kiswahili ila maneno ya sokoni, akakipata chote kwa Bi Shemsa, akichanganya na cha kwao. Nyuma yao akaingia Bwana Saleh na funguo za gari mkononi.

"Mwanangu," Bi Shemsa akaniambia, "nnataka uniandikie kitu katika hiyo ratiba. Mtoto huyu yuko na mie mwaka wa nne. Hajapata siku moja yake. Ijumaa wageni, Idi wageni, nikiumwa hospitali yeye, nikipona jikoni yeye. Nnataka huko tunakokwenda apate siku nzima. Andika, siku ya Harriet."

Harriet aliinamisha uso, lakini niliona anatabasamu.

"Mama," Bwana Saleh akasema, si kwa ukali, "si anakwenda Uingereza? Watu wanalilia safari hiyo. Likizo gani nyingine anataka?"

"Wewe ukinishika mkono mie kutwa, ukinipikia na wali, utaiita likizo?"

Bwana Saleh alicheka, akaniangalia nimsaidie. Na mimi, Mola anisamehe, nikamsaidia. Nikafungua ratiba nikasema kwa sauti yangu ile ya ofisini, "Siku zote zimejaa, bibi. Hakuna hata moja iliyo wazi." Nilisema kweli, nilizijaza mwenyewe. Harriet aliondoa lile tabasamu taratibu, kama mtu anayerudisha nguo dukani. Nilijisikia vibaya mpaka wakati wa chakula cha mchana, halafu simu zikalia nikasahau.

Tulisafiri Julai: Bwana Saleh, mkewe, watoto watatu, Bi Shemsa, Harriet na mimi. Kutoka London tulikuwa tunakwenda mji mmoja wa pwani, wenye hoteli kubwa ya enzi ile ya Viktoria. Nikawaweka familia daraja la kwanza, behewa la mbele. Mabegi kumi na moja na sufuria nikayapanga na Harriet behewa la mwisho, penye nafasi ya mizigo. Treni haijafika mbali, Bi Shemsa akasimama na chupa yake ya kahawa.

"Nipeleke kwa Harriet. Kahawa hainyweki na mtu anayetazama simu."

Mwanawe alikuwa kwenye simu kweli. Nikamshika bibi mkono, mimi mwenyewe, tukapita mabehewa yote tukiyumba, nikamkalisha mkabala na Harriet, nikarudi mbele. Kituo kimoja mbele tulisimama muda mrefu. Tangazo lilitoka kwenye spika, nami nikalisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani, maana mtoto wa mwisho alikuwa amemwaga juisi na nilikuwa napangusa kiti. Tukaondoka. Baada ya dakika kumi nikainuka kwenda kumchukua bibi. Nikapita behewa la pili, la tatu, la nne, nikafika mlango wa nyuma na nje yake zilikuwa reli tupu.

Treni ilikuwa imekatwa mbili. Treni za huko hufanya hivyo: nusu ya mbele inakwenda mji mmoja, nusu ya nyuma inageukia mji mwingine. Imeandikwa katika ratiba, mstari mdogo wa chini. Mimi niliyelelewa na Bwana Nassor sikuusoma, kwa sababu nilishaangalia wenye tiketi za mbele watafika wapi, na wa mizigo sikumwangalia.

Kumwambia Bwana Saleh ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizopata kufanya. Alisimama, akakaa, akasimama. Mama yake ana sukari na presha, hajui lugha, na simu yake iko kwenye mkoba uliobaki hapa kitini. Simu ya Harriet ni ya laini ya Oman, nje ya nchi haishiki. "Kama mama yangu amepatwa na kitu," akaniambia, na hakumaliza. Kondakta, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alipiga simu mji ule mwingine akasubiri, akaanza kucheka. Ndiyo, wameshuka. Bibi mmoja wa baibui, msichana mmoja, mabegi kumi na moja na sufuria. Mizigo wameiacha ofisi ya stesheni. Wameuliza bahari iko wapi.

"Wameuliza nini?" Bwana Saleh akasema.

Tulimwacha mkewe na watoto hotelini, tukarudi njia panda ilipokatwa treni, tukapanda treni nyingine. Njia nzima alizungumza peke yake. Harriet ni mzembe, Harriet anajua Kiingereza, vipi asisikie tangazo? Akimpata tu, khalas, anamkatia tiketi ya Kampala wiki hiyo hiyo. Nilijaribu kusema kosa ni langu. Alisema, "Lako tutalizungumza Maskati," na kwa kweli nilianza kuwaza namna nitakavyoaga ofisini.

Mji ule ulikuwa mdogo kuliko wetu wa hoteli na wenye makelele zaidi. Stesheni iko juu kidogo, mlango wake ukiuacha unaona ufuko wote chini. Ilikuwa jua, na watu wote waliokosa nafasi kwenye miji ya matajiri nadhani walikuwa pale: watoto na ndoo zao, punda wa kupandisha watoto wakipita kwa mstari, vibanda vya chipsi, na gati refu la mbao lililoingia baharini, la enzi ile ile, juu yake pembea na muziki. Nilimkumbuka Bwana Nassor na meza yake.

Tulimwona Bi Shemsa mara moja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kitambaa, miguu mitupu mchangani, baibui limekunjwa kidogo, pembeni yake mume na mke wa Kiingereza, wazee kama yeye, kila mmoja ameshika kikombe kidogo cha kahawa. Walikuwa wanazungumza. Wao wanasema Kiingereza, yeye anasema Kiswahili, na wote watatu wanaitikia kwa vichwa.

Bwana Saleh alipiga magoti mbele yake akamshika mikono yote miwili. Alikuwa analia, na mimi pia nililia, kwa furaha na kwa woga uliotoka. "Mama, dawa umekunywa?"

"Nimekunywa, nimekula, nimesali. Wewe umekula?"

"Harriet yuko wapi?"

"Yuko likizo," Bi Shemsa akasema.

Bwana Saleh aliinuka. "Amekuacha peke yako? Nchi ya watu?"

"Hakuniacha, nilimfukuza. Na lile tangazo unalotaka kuuliza, alilisikia. Akanambia, bibi tunyanyuke, behewa hili linakwenda kwengine. Alinivuta mkono mtoto wa watu mpaka akataka kulia. Nikamwambia mie sinyanyuki. Mie nnakwenda huko kwengine." Akamgeukia yule mzee wa Kiingereza akamwongeza kahawa. "Ratiba yenu ilijaa. Hii haikuwamo kwenye ratiba."

Nilitaka kucheka na nilitaka ardhi inimeze. Bwana Saleh alianza kuutazama ufuko, akimtafuta Harriet. Na hapo hapo Harriet akatokea upande wa gati.

Sikumjua mara ya kwanza. Nilimzoea na kitambaa kichwani na macho chini. Alikuwa amefungua nywele, viatu mkononi, sketi imelowa mpaka magotini, na alikuwa anakimbia kama anavyokimbia mtu ambaye hakuna anayemngoja. "Bibi!" akaita kutoka mbali. "Nimepanda ile farasi ya mbao mara tatu! Inazunguka, bibi, na muziki!" Kisha akatuona. Akasimama. Akaanza kuvaa viatu hapo hapo, mchanga na yote.

"Baba, pole," akamwambia Bwana Saleh, kisha akanigeukia mimi. "Pole sana, madam."

Bi Shemsa aliniuliza mimi, "Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa na dakika tano, bibi."

"Harriet, nilikwambia urudi saa ngapi?"

"Kumi na moja, bibi."

"Basi mbona umerudi?"

"Nimekuletea chipsi. Hazijapoa."

"Ahsante, mwanangu. Nipe. Sasa nenda."

Harriet alitoa chipsi lakini hakwenda. Alimtazama Bwana Saleh. Kazi yake, tiketi ya Kampala, na zile saa mbili zilizobaki, vyote vilikuwa mdomoni mwa mtu huyo, na sote tulijua. Bwana Saleh alitazama bahari, akamtazama mama yake anavyotafuna chipsi akiwakaribisha jirani zake, halafu akanigeukia mimi.

"Zuwena. Treni ya kurudi saa ngapi?"

Ratiba nilikuwa nayo mkononi, na safari hii nilikuwa nimeisoma yote, ya juu na ya chini. Treni zilikuwa kila baada ya nusu saa. Ya kwanza ilikuwa saa tisa na robo, tayari imesimama stesheni, na kwa teksi tungeiwahi.

"Ipo moja tu, Bwana Saleh," nikasema. "Saa kumi na mbili kasorobo."

Harriet alinitazama. Alikuwa amekaa stesheni ile na mabegi kumi na moja, ubao wa saa za treni mbele ya macho yake. Alivua viatu tena, akaviweka chini ya kiti cha Bi Shemsa, akaenda, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia.

Juu yetu honi ikalia. Treni ya saa tisa na robo ikatoka stesheni polepole, mabehewa yake yote yakipita wazi mbele yetu, abiria wakionekana madirishani. Bwana Saleh aliifuata kwa macho mpaka ikapotea. Kisha akakaa mchangani, karibu na miguu ya mama yake, akaanza kufungua kamba za viatu.